Askofu Steere: Sala Mkono Mmoja, Kazi Mkono wa Pili

Sisi tuliolelewa chuoni twakijua kisa cha bedui na ngamia wake. Alimwendea Bwana Mtume, rehema na amani zimshukie, akataka kujua kama amfunge mnyama wake au amwache hivi hivi na kumtegemea Mwenyezi Mungu. Jawabu alilopewa ni kwamba amfunge kwanza, kisha ndipo ategemee. Mwalimu wetu alipenda kutukumbusha kisa hicho siku za kujaza birika la msikiti, pale sisi wanafunzi tulipojisingizia kuwa tungali tukidurusu ili tuepe ndoo. Alisema kidogo, kisha yeye mwenyewe akainama akashika kamba ya kisima. Nasi tukaona haya, tukainuka.

Leo, ndugu msomaji, nataka kukusimulia maisha ya mtu ambaye hakuwa wa dini yetu, wala hakuja pwani hii kwa ajili ya kuitia nguvu dini yetu. Alikuwa askofu wa Kikristo, Mwingereza, naye alikuja kuhubiri dini yake. Hilo tusilifiche. Lakini mambo mawili yanatulazimisha tumjue. La kwanza ni lugha hii ninayokuandikia, ambayo mkono wake umo ndani yake, tupende tusipende. La pili ni kwamba somo la yule ngamia, ambalo wengi wetu twalisema kwa ulimi tu, yeye alilitenda kwa mikono. Mtu huyo ni Edward Steere.

Steere alizaliwa London tarehe 4 Mei 1828. Alisomeshwa sheria, akafuzu mpaka daraja ya udaktari wa sheria katika Chuo Kikuu cha London, akaruhusiwa kusimama mahakamani kama wakili. Njia ya mali na cheo ilikuwa wazi mbele yake. Lakini moyo wake ulikuwa umevutwa kwingine. Alisoma sana vitabu vya wanazuoni wa dini yake, na ujanani akaunda udugu mdogo wa watu waliotaka kuishi pamoja kwa sala na kazi, wakiwahudumia maskini. Udugu huo haukudumu. Ulivunjika mapema, naye akabaki na majuto na funzo: kwamba nia njema peke yake haijengi nyumba, na kwamba wenye kukusanyika kwa ajili ya Mungu nao huhitaji mpango, fedha na nidhamu.

Mwaka 1856 akaingizwa katika daraja ya ushemasi. Mwaka 1858 akaoa, na mwaka 1862 akapewa parokia ndogo ya mashambani huko Lincolnshire, mahali pa wakulima. Angeweza kuishi huko na kuzeekea huko. Lakini alikuwa na rafiki yake mpenzi, William Tozer, kasisi wa jirani. Huyo Tozer aliteuliwa kuwa askofu wa misheni mpya ya Afrika ya Kati, ile iliyoanzishwa na vyuo vikuu vya Uingereza baada ya wito wa David Livingstone wa mwaka 1857. Askofu wa kwanza wa misheni hiyo, Charles Mackenzie, alikuwa amekwisha kufa kwa homa katika bonde la mto Shire mwaka 1862. Tozer akaombwa kwenda kushika nafasi ya maiti. Steere hakutaka rafiki yake aende peke yake. Alijitolea kumsindikiza kwa muda mfupi tu, kisha arudi kwake. Akamwacha mkewe Uingereza, wakaondoka mwaka 1863. Huo muda mfupi ndio uliokuja kumla umri wake wote.

Huko bara mambo yalikuwa mabaya. Nchi ya Shire ilikuwa imeharibiwa na njaa, maradhi na uwindaji wa watumwa. Tozer akaona kwamba kuendelea kuzika Wazungu wenzake pale si ushujaa bali ni upumbavu. Akakata shauri kurudi nyuma, na tarehe 31 Agosti 1864 wakaingia Unguja. Livingstone aliwalaumu sana kwa kurudi nyuma huko. Kwake yeye ilikuwa ni kukimbia kazi ya Mungu. Lakini Tozer na Steere waliona kwamba ukitaka kupanda mnazi huanzi kwa kukwea. Waanze pwani, wajifunze lugha, walee vijana wa Kiafrika watakaoibeba kazi hiyo bara kwa miguu yao wenyewe.

Hawakukaa sana ila Seyyid Majid, Sultani wa Unguja wakati huo, akawapelekea watoto watano wa kiume waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Hebu fikiri, msomaji. Wazungu wawili waliofika na vitabu vya sala, mbele yao wamesimama watoto watano, hawajui lugha yao, hawajui wazazi wao wako wapi, pengine hawajui hata kama watu hawa wapya ni afadhali kuliko wale wa jahazini. Sala haitoshi hapo. Mtoto anataka uji, anataka nguo, anataka mtu wa kumwelewa anapolia usiku. Mmoja wa watoto hao aliitwa Swedi, nawe likumbuke jina hilo, kwani tutakutana naye tena.

Hapo ndipo Steere alipoanza kazi yake kubwa. Alikaa chini na watu wa Unguja, akawasikiliza. Kabla yake palikuwa na Krapf, Mjerumani aliyekaa kwetu Mombasa na Rabai, ambaye mwaka 1850 alichapisha kitabu kidogo cha sarufi ya Kiswahili. Steere alianza na kazi kama hizo, lakini mwalimu wake hasa alikuwa mdomo wa Mswahili. Aliandika maneno, akayapanga, akayarudia kwa wenyewe, akasahihishwa, akaandika tena. Alikuwa na mtambo wa kupigia chapa, na kazi ya chapa aliijua kwa mikono yake. Akawafundisha vijana wa misheni kupanga herufi na kuchapa. Mwaka 1867 mtambo huo ulitoa, kwa Kiswahili, hadithi kadhaa zilizotokana na michezo ya Shakespeare. Mwaka 1870, alipokuwa amerudi Uingereza kwa muda, kikatoka kitabu chake cha sarufi na msamiati wa Kiswahili cha Unguja, kilichowafundisha wageni wa miaka mingi baadaye.

Mwaka huo huo wa 1870 kikatoka kitabu kingine, ambacho kwangu mimi ni kikubwa zaidi: mkusanyo wa hadithi za Waswahili kama zilivyosimuliwa na wenyeji wa Unguja. Mle ndani kimo kisa cha Sultani Darai na paa wake. Mle ndani yumo Liongo, shujaa wetu wa pwani ya kaskazini, na mashairi anayonasibishwa nayo. Mwenye kujua desturi ya wamishenari wa zama zile atastaajabu. Wengi wao walizipita hadithi za wenyeji kama mtu apitavyo takataka njiani. Steere aliinama akaziokota, akazipanga Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, akazipa heshima ya kitabu. Aliona kwamba mtu hawezi kuwaombea watu asiowasikiliza.

Sitasema kuwa hatuna kinyongo naye. Sisi wa Mvita na Amu twakumbuka kwamba Kiswahili alichokiandika kilikuwa Kiunguja, na kwamba mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipochagua lahaja ya kusanifiwa, Kimvita kikawekwa kando, nacho ndicho kilichobeba tungo za Muyaka. Msingi wa Kiunguja ulikuwa umekwisha kujengwa na Steere na waliomfuata. Tena alichapa kwa herufi za Kirumi, na zile herufi za Kiarabu ambazo babu zetu waliandikia tenzi na barua zikazidi kusukumwa pembeni. Hayo ni machungu, nami ni mmoja wa wenye kuyaonja. Lakini mkulima aliyewahi kupanda humwezi kwa kumlaumu. Sisi tulikuwa na shamba na mbegu, tukachelewa na jembe.

Mwaka 1872 Steere alirudi Unguja. Mwezi wa Aprili mwaka huo kimbunga kikubwa kikakipiga kisiwa. Mikarafuu na minazi iling'olewa, vyombo vikazama bandarini, na majengo ya misheni hayakusalimika. Tozer naye alikuwa amechoka na kuugua, na mwaka uliofuata akajiuzulu. Steere akajikuta ndiye baba wa nyumba iliyobomoka.

Kisha ukaja mwaka 1873. Seyyid Barghash, akibanwa na Waingereza, alitia saini mkataba wa tarehe 5 Juni uliokataza biashara ya watumwa baharini na kufunga masoko yao. Soko kubwa la Mkunazini likafungwa. Na hapa lazima tuseme kweli mbele ya Mungu. Soko lile halikuwa la majini wala la Wazungu peke yao. Wauzaji walikuwemo miongoni mwa watu wetu, waliosali sala zetu na kufunga saumu yetu. Wenye mashamba ya karafuu kule, na wenye mashamba ya nafaka huku kwetu Malindi na Takaungu, walikula jasho la watu wale. Vizuri tulijue hilo bila kutafuta pa kulificha.

Wenzake Steere huko Uingereza walishukuru. Walikuwa wameomba kwa miaka, na ombi limejibiwa. Steere naye alishukuru, lakini hakuishia kwenye shukrani. Kiwanja cha soko kikapatikana. Mmishenari mwenzake alinunua sehemu, na tajiri mmoja wa Kihindi akatoa sehemu nyingine bure. Steere akaanza kuhubiri pale katika kibanda cha udongo, kwa Kiswahili, na Waislamu wa mjini wakaja kumsikiliza na kujadiliana naye. Siku ya Krismasi ya mwaka huo wa 1873 likawekwa jiwe la msingi la kanisa.

Mchoro wa jengo ulitoka Uingereza, lakini usimamizi wa ujenzi ulikuwa wake. Msomaji aliyeingia nyumba za Mji Mkongwe, au za Mji wa Kale wa Mombasa, ajua kwa nini vyumba vyetu ni virefu na vyembamba: boriti ya mkoko ina urefu wake, na chumba hakiwezi kuupita. Steere alitaka paa pana lisilo na boriti hata moja. Akalifanya la zege la saruji na mawe ya matumbawe yaliyopondwa, limepindwa kama ngalawa iliyofudikizwa. Waliodhani litaporomoka walikuwa wengi. Halikuporomoka, na lingali juu mpaka leo. Waongozaji wa wageni husimulia kwamba nguzo fulani zilisimamishwa kichwa chini miguu juu, askofu akiwa safarini. Saa ya mnarani ilikuwa ni zawadi ya Seyyid Barghash, Sultani Mwislamu. Na madhabahu, kama inavyopokewa, iliwekwa pale uliposimama mti waliochapiwa watumwa.

Tarehe 24 Agosti 1874 Steere akawekwa wakfu kuwa askofu, huko Westminster Abbey. Cheo hicho hakukitaka. Alikubali kwa kuwa kazi ilimhitaji mtu, na mtu mwingine hakupatikana.

Sasa njoo tuiangalie mizani yake. Upande mmoja, huyu alikuwa mtu wa ibada. Kanisa lao lilikuwa na utaratibu wa sala za asubuhi na jioni kila siku, naye aliushika. Upande wa pili, kila siku ilikuwa na mzigo wake. Palikuwa na mafundi wa kusimamia, watoto wa Kiungani wa kufundisha, makaratasi ya kusahihisha mtamboni, barua za kuomba fedha, na wagonjwa wa kuzika. Angeweza kusema kwamba askofu ni mtu wa madhabahu, na hayo mengine yafanywe na wadogo. Angeweza pia kusema kwamba kazi ni nyingi, na sala itangoja. La kwanza ni udhuru wa mvivu, na la pili ni udhuru wa mwenye kiburi. Yeye hakutumia hata mmoja. Sala ilimpa sababu ya kuifanya kazi, na kazi ikamwonyesha la kuliombea.

Swali gumu kuliko yote lilikuwa la watu wenyewe walioachwa huru. Manowari za Kiingereza zilikamata majahazi, na watu wakaletwa kwa misheni makundi kwa makundi. Mkataba umekwisha kutiwa saini, dua imekwisha kuitikiwa, lakini mtu huyu amesimama mlangoni. Atakula nini? Atalala wapi? Kuondolewa pingu si kupewa maisha. Tena utumwa wenyewe haukuwa umekwisha. Unguja ulifutwa kisheria mwaka 1897, na kwetu pwani ya Kenya mwaka 1907. Basi misheni ikawakalisha watu katika shamba la Mbweni, wajenge nyumba zao, walime, wafanye kazi kwa ujira. Lakini Mbweni palijaa, na wengi wao walikuwa watu wa bara waliotamani nchi zao.

Mwaka 1875 Steere alitoka Lindi kwa miguu mpaka Mwembe, mji wa Mataka, mfalme mkubwa wa Wayao. Alitaka kuijua njia kabla ya kuwapitisha wengine. Mwaka 1876 akaondoka tena, safari hii akiongoza watu wapatao 55 waliokuwa watumwa, wanaume kwa wanawake, warudi upande wa kwao. Walipofika Masasi waliona mlima, maji na ardhi nzuri, wakapenda kukaa pale. Wakakaa. Fikiri njia ile, msomaji. Ni njia ambayo watu kama wao walipitishwa kwenda pwani wamefungwa shingo kwa shingo. Sasa wanairudia wakiwa na majembe, na mbele yao askofu atembea kwa miguu kama wao.

Mwaka 1879 akamwingiza katika daraja ya ushemasi yule Swedi, mmoja wa watoto watano wa jahazini, ambaye sasa aliitwa John Swedi. Steere aliamini tangu mwanzo kwamba Afrika haitahubiriwa na Wazungu, bali na Waafrika wenyewe, tena kwa lugha yao, wala haipasi kuwageuza wawe Waingereza weusi. Wengi wa zama zake hawakuwaza hivyo.

Na usiku wake ulikuwa wa kutafsiri. Aliifanya Injili na Agano Jipya lote kwa Kiswahili, pamoja na kitabu cha sala cha kanisa lake. Mle tunaona jambo la ajabu. Maneno aliyoyahitaji alikuta yamekwisha kukaa tayari, yamelelewa katika vyuo na misikiti yetu: sala, toba, dhambi, rehema, imani, malaika, nabii, mtume, na hilo lenyewe Injili. Hakuyakataa kwa kuwa yametoka kwa Waislamu. Aliyachukua kwa shukrani ya fundi aliyekuta mawe yamechongwa. Mkristo wa bara anaposali leo kwa Kiswahili, asali kwa maneno yaliyolainishwa na ndimi za babu zetu. Hilo twaweza kulijivunia bila kumgombeza mtu.

Edward Steere alifariki Unguja tarehe 27 Agosti 1882, umri wake miaka 54. Walimzika nyuma ya madhabahu ya kanisa alilolijenga, mahali ambapo miaka kumi nyuma watu waliuzwa.

Ningependa kukuambia kwamba kazi yake yote ilisimama imara tangu siku hiyo. Haikuwa hivyo. Hata mwezi mmoja haukutimia vizuri. Mnamo Septemba 1882 Wangoni waliitwao Magwangwara waliivamia Masasi. Kijiji kiliteketezwa, watu wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka, watu wale wale waliokwisha kuonja utumwa mara moja. Askofu alikuwa amesali, alikuwa amepanga, alikuwa ameitembea njia kwa miguu yake, na bado ngamia alikatwa kamba na mwizi.

Basi ilikuwa bure? Mimi nasema sivyo. Mwenye kumfunga ngamia wake hakupewa ahadi kwamba hataibiwa. Ameamrishwa tu asiwe yeye ndiye sababu ya kupotea kwake. Waliobaki Masasi walianza upya. Mateka kadhaa walikombolewa, kazi ikarudi, na leo Masasi ni mji mkubwa wenye dayosisi yake. Lau Steere angalitosheka na kuomba tu, wasingekuwako watu wa kuanza upya.

Niliwahi kusimama Mkunazini, alasiri, adhana ikitoka misikiti ya jirani na saa ya mnara ikiwa juu yangu. Nje ya kanisa pana sanamu za watumwa shimoni, na minyororo shingoni mwao. Nilijiuliza ni mara ngapi sisi tumeinua mikono kuomba Mungu awaondolee watu dhiki, kisha tukaishusha mikono ile ile mitupu, tukaenda zetu nyumbani. Mayatima wa mtaani twawaombea kila Ijumaa. Vijana wetu wanaopotelea katika dawa za kulevya twawaombea. Kiswahili chetu chenyewe twakiombea kisipotee, na miswada ya tenzi za babu zetu yaliwa na mchwa sandukuni.

Dua ni jambo kubwa, wala asiseme mtu kuwa nimeidharau. Lakini askofu huyu mgeni, ambaye dini yake si yetu, alitukumbusha jambo ambalo mwalimu wangu wa chuo alilijua alipoinama kushika kamba ya kisima. Birika halijai kwa kudurusu peke yake. Wallahu aalam.